Jinsi ya kuomba mchango mkubwa kwa ajili ya ardhioevu

Anayeombwa fedha za kuokoa msitu huiona miti akilini mwake hata kabla mwombaji hajamaliza sentensi ya kwanza. Anayeombwa fedha za kuokoa kinamasi huona matope, mbu na harufu ya maji yaliyotuama. Shirika la kuhifadhi ardhioevu linapojiandaa kumwendea mtu mwenye uwezo wa kutoa kiasi kikubwa halina budi kuikubali tofauti hiyo tangu mwanzo, kwa kuwa mbinu zinazofaa kuchangishia shule au hospitali hazitoshi hapa. Maelezo haya yanawahusu watendaji na wajumbe wa bodi za mashirika hayo, hasa yale madogo ambayo hayajawahi kupokea mchango mmoja unaoweza kubadili kazi yao ya miaka mitano.

Ninaposema mchango mkubwa simaanishi kiasi fulani maalumu. Ni ule ambao ukipatikana mtaweza kufanya jambo ambalo michango midogo ya mwaka mzima isingelifanya, na ambao mtoaji wake huutoa baada ya kufikiri, kushauriana na familia yake na mara nyingi na mwanasheria wake pia. Tangu mazungumzo ya kwanza hadi saini huweza kupita miezi mingi, na si ajabu ikapita hata miaka miwili. Bodi inayohitaji fedha ndani ya miezi mitatu itafute njia nyingine, kwa sababu haraka ya mwombaji huonekana mara moja na humfukuza mtoaji ambaye angekuja baadaye kwa hiari yake.

Anzeni na maji

Kabla ya kutafuta jina la mtu yeyote, andikeni hoja yenu katika kurasa mbili au tatu, na mwandishi wake awe yule anayekijua kinamasi kwa kukitembea. Hoja hiyo ieleze maji ya ardhioevu hii yanatoka wapi, ni nini kinachoyazuia au kuyachafua, shirika litafanya nini, mabadiliko yatachukua muda gani kuonekana, na yatapimwaje. Takwimu za dunia zina nafasi yake, lakini ziwe chache. Inatosha kusema kwamba kwa mujibu wa tathmini iliyotolewa mwaka 2018 chini ya Mkataba wa Ramsar, ambao ni mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran, takriban asilimia 35 ya ardhioevu za dunia zilipotea kati ya mwaka 1970 na 2015. Na kwamba ardhi za mboji, yaani ardhioevu zenye udongo wa mabaki ya mimea yasiyooza kabisa kwa sababu ya maji, ambazo ni karibu asilimia 3 tu ya nchi kavu, zimehifadhi kaboni nyingi kuliko mimea ya misitu yote ya dunia ikijumlishwa. Baada ya hapo rudini haraka kwenye kinamasi chenu wenyewe, kwa sababu sijamwona mtu aliyetoa mali yake kwa ajili ya asilimia.

Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara katika hoja za aina hii ni kuomba fedha za kununua ardhi na kuishia hapo. Ardhi ina mipaka inayochoreka kwenye ramani, kwa hiyo ni rahisi kumweleza mtoaji akaelewa anachopata, lakini ardhioevu huishi kwa maji ambayo aghalabu huanzia nje ya mipaka hiyo. Mfano unaojulikana sana ni Doñana, kusini mwa Hispania, katika delta ya mto Guadalquivir. Shirika la kimataifa la uhifadhi la WWF, ambalo lilianzishwa mwaka 1961, lilisaidia kununua sehemu ya vinamasi vile, na hifadhi ya taifa ikaanzishwa mwaka 1969. Ununuzi ule ulikuwa wa lazima na uliokoa mengi. Hata hivyo, mwezi Aprili 1998 bwawa la mabaki ya mgodi huko Aznalcóllar lilipasuka na kumwaga tope lenye asidi na metali nzito katika mto Guadiamar unaoelekea Doñana, na visima vya kumwagilia mashamba ya jirani vimeendelea kwa miaka mingi kuvuta maji ya chini ya ardhi ambayo hifadhi hiyo inayategemea. Mtoaji makini atauliza juu ya hatari za namna hii, na ni afadhali akute mmekwisha kuziandika pamoja na yale mnayokusudia kuyafanya.

Kwa hiyo bajeti ya ombi ijengwe kwa mafungu matatu. La kwanza ni kupata ardhi au haki ya kuisimamia. La pili ni kuyarejesha maji: kuziba mitaro iliyochimbwa kukausha eneo, kujenga malango ya kudhibiti kina, kuondoa magugu vamizi na, pale tu panapohitajika, kupanda. Nasema pale tu panapohitajika kwa sababu watoaji wengi hupenda kuhesabu miche, na mashirika hushawishika kuwauzia hesabu hiyo. Mwelezeni mtoaji kwa upole kwamba mikoko mingi iliyopandwa sehemu mbalimbali za dunia imekufa kwa kuwekwa kwenye tope linalofunikwa na maji kwa muda mrefu kuliko inavyoweza kuvumilia, na kwamba mara nyingi njia ya maji kupwa na kujaa ikifunguliwa vizuri mbegu huja zenyewe.

Fungu la tatu ni matunzo, na hilo ndilo linalosahauliwa. Lango la mbao huoza, la chuma hushika kutu, tuta hutobolewa na wanyama wanaochimba, na mtu wa kulifungua na kulifunga lango kwa majira yake anahitaji kulipwa mwaka huu, mwaka ujao na mwaka utakaofuata. Gharama ya matunzo ya angalau miaka kumi iwe ndani ya ombi lenyewe. Shirika linaloiacha nje ili ombi lionekane dogo litalazimika kurudi kwa mtoaji yule yule baada ya muda mfupi kuomba fedha za kulinda kile alichodhani amekwisha kukilinda.

Watoaji wanatoka wapi

Historia ya uhifadhi wa ardhioevu ina mafunzo kuhusu nani hutoa na kwa nini. Katika miaka ya 1930 ukame mkali ulikausha mabwawa mengi ya Amerika Kaskazini, na mwaka 1937 wawindaji wa bata nchini Marekani wakaanzisha shirika la Ducks Unlimited. Bata waliokuwa wakiwawinda kwao walitotolewa kwenye nyanda za Kanada, kwa hiyo fedha za Wamarekani zilivuka mpaka, na mradi wa kwanza ulifanyika katika kinamasi cha Big Grass, Manitoba, mwaka 1938. Asiyependa uwindaji anaweza kukunja uso, lakini ukweli unabaki kwamba watu wale walitoa kwa sababu walijua ndege wao wanazaliwa wapi. Msiamue kwa niaba ya mtoaji sababu ya kupenda maji. Huyu ni mvuvi, yule alilelewa kando ya mto uliokwisha kukauka, mwingine ana kiwanda kinachopata mafuriko kila mvua kubwa inaponyesha kwa kuwa kinamasi cha juu yake kimefukiwa.

Luc Hoffmann, mrithi katika familia iliyoanzisha kampuni ya dawa ya Hoffmann-La Roche, alikuwa mtaalamu wa ndege. Mwaka 1954 alianzisha kituo cha utafiti cha Tour du Valat katika delta ya Camargue, kusini mwa Ufaransa, na mwaka 1994 akaanzisha mfuko wa MAVA, ambao ulifadhili uhifadhi hadi ulipofungwa mwaka 2022 kwa mpango uliotangazwa mapema. Kwake mapenzi ya ndege yalitangulia na fedha zikafuata. Pia hata mfadhili mkarimu kupita wote huwa na mwisho, na shirika lenye busara huanza kutafuta wa pili wakati wa kwanza bado yupo.

Kwa vitendo, anzeni na daftari lenu la wachangiaji. Mtu ambaye ametoa kiasi kidogo kila mwaka kwa miaka kumi bila kukosa ana nafasi kubwa ya kutoa zaidi kuliko tajiri ambaye jina lake mmelisoma gazetini. Mwangalieni kila mmoja kwa mambo matatu kwa pamoja: uwezo, mwelekeo wa moyo wake, na uhusiano wake nanyi. Ukikosekana uhusiano, tafuteni mtu wa kuwakutanisha. Ukikosekana moyo, acheni. Waangalieni pia wanaojitolea kuhesabu ndege, wataalamu waliostaafu, na wenye mali upande ambako mto unateremkia. Lakini kabla ya wote hao, kila mjumbe wa bodi atoe kwanza kadiri ya uwezo wake, kwa kuwa mtoaji mkubwa ana haki ya kuuliza kama wanaomwomba wametoa, na jibu liwe ndiyo bila maelezo marefu.

Wapangeni hao kwa hesabu. Ikiwa lengo lenu lote ni sehemu 100, desturi ya kazi hii ni kutarajia mchango mmoja wa sehemu 15 hadi 20, miwili ya sehemu 10 kila mmoja, kisha kadhaa ya sehemu 5 na kushuka. Na kwa kila mchango mnaoutarajia muwe na majina matatu au manne ya watu wanaoweza kuutoa. Mkishindwa kuandika majina hayo, lengo lenu bado ni kubwa kuliko mtandao wenu wa watu, na ni heri kulijua hilo sasa. Msilitangaze hadharani hadi angalau nusu ya fedha iwe imekwisha kuahidiwa.

Ziara

Hakuna hatua inayofanya kazi kubwa kuliko kumfikisha mtoaji kinamasini, na hakuna inayoharibiwa kirahisi kuliko hiyo. Nimewahi kuandaa ziara iliyojaa hotuba: hema, viti, ramani kubwa, wataalamu wanne waliozungumza mmoja baada ya mwingine saa sita mchana, wakati ndege wote wamejificha. Wageni walishukuru kwa adabu na hawakurudi. Ilikuwa kazi yangu mwenyewe, na iligharimu shirika mwaka mzima.

Ziara iliyofuata tuliifanya alfajiri, na mgeni alikuwa mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akituchangia kidogo kidogo kwa muda mrefu. Tulimpa mabuti ya mpira na tukatembea naye polepole hadi kwenye lango la maji, mahali ambapo mtunza lango alikuwa anatungoja. Lango lenyewe lilikuwa la mbao zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya mifereji ya zege. Mtunza lango akaingiza kulabu ya chuma, akainua ubao wa juu, na maji yaliyokuwa yametulia kama kioo yakaanza kumiminika juu ya ubao wa pili kwa sauti nzito. Akamwonyesha mgeni kijiti chenye alama za kipimo na kumwambia, “Ubao huu ni sentimita kumi, mama. Kwa kuwa eneo lote ni tambarare, nikiuacha wazi siku chache, kote kule unakoona kutashuka sentimita kumi. Ndege wa miguu mirefu hawawezi kula pale maji yanapowazidi miguu, na samaki wadogo hawawezi kuishi yakipungua sana. Kwa hiyo kila wiki nakuja kuangalia.” Mama yule akaugusa ubao, akakuta umelainika pembeni, akauliza, “Na huu ukioza kabisa, nani anaubadilisha?”

Hakuna aliyejibu haraka, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba hatukuwa na fungu la kazi hiyo. Tulimwambia hivyo hivyo. Mazungumzo ya mchango yalianzia kwenye swali lile.

Kutokana na ziara hizo mbili nashauri yafuatayo. Wageni wasizidi watatu. Anayezungumza zaidi awe mfanyakazi wa kinamasini, na mkurugenzi asikilize. Mgeni aguse kitu chenye kazi, iwe lango, kipimo, wavu wa kuchunguzia wadudu wa majini au shina la tete. Aonyeshwe pia mtaro ambao haujazibwa na upande uliokauka, ili aone kazi iliyobaki badala ya kuona mafanikio matupu. Fedha zisitajwe siku hiyo, isipokuwa yeye mwenyewe aulize. Akiuliza, ajibiwe kwa ukweli.

Ardhioevu chache sana hazina watu wanaozitegemea kwa uvuvi, kwa kukata matete na mafunjo au kwa kunywesha mifugo. Kama ombi lenu linagusa haki zao, zungumzeni nao na mkubaliane nao kabla ya kumwonyesha mtoaji mpango wowote. Mtoaji akitaka uzio wa kuwaondoa, mweleweshe. Akishikilia, mwacheni aende na fedha zake.

Kuomba

Waende watu wawili: mjumbe wa bodi aliyekwisha kutoa na mtendaji anayeijua kazi. Miadi iombwe kwa uwazi, mkieleza kwamba mnakuja kuzungumza juu ya mchango wake, ili asijione ametegwa. Ombi lenyewe liwe sentensi moja yenye kiasi, muda na kazi. Kwa mfano: “Tunakuomba ufikirie kutoa kiasi hiki, kwa awamu tatu katika miaka mitatu, ili mitaro yote ya upande wa mashariki izibwe na maji yake yatunzwe kwa miaka kumi baada ya hapo.” Mkishatamka hivyo, nyamazeni. Ukimya ule huonekana mrefu, na waombaji wengi huuvunja kwa kupunguza kiasi wenyewe kabla mtoaji hajafungua mdomo, jambo ambalo humwonyesha kwamba kiasi cha kwanza hakikuwa na msingi.

Akisema si sasa, ulizeni kwa heshima ni lini ingefaa. Akisema kiasi ni kikubwa, mwelezeni ni sehemu gani ya kazi inaweza kufanyika kwa kiasi anachokiweza bila kuacha matunzo nje. Akikataa kabisa, mshukuruni siku hiyo hiyo na mwendelee kumpa habari za kinamasi kama kawaida.

Fedha za kukataa na ardhi za kuchunguza

Bodi ipitishe sera ya kupokea michango kabla ya mchango wa kwanza mkubwa kujitokeza, kwa kuwa si rahisi kufikiri sawasawa hundi ikiwa mezani. Kampuni inayokausha au kuchafua maji mahali pengine inaweza kutaka jina lake liandikwe kwenye ubao wenu. Mwingine atatoa kwa masharti kwamba shirika lisipinge ujenzi fulani. Mwingine anatafuta hesabu ya kaboni ya kufidia uchafuzi wake, na hiyo ni biashara yenye mkataba wake, haipaswi kupokelewa kwa jina la mchango. Chunguzeni chanzo cha fedha, andikeni mlichokikuta, na uamuzi ufanywe na bodi.

Ardhi inayotolewa zawadi nayo ina yake. Angalieni hati ya umiliki, madeni na kodi, haki za maji za majirani, wajibu wa kusafisha mitaro ambao huenda umeambatana na umiliki, na udongo kama una sumu ya shughuli za zamani. Mtoaji wa ardhi aombwe pia fedha za kuitunza. Wengi hukubali wakielezwa sababu.

Makubaliano na yanayofuata

Hati ya makubaliano haihitaji kuwa ndefu. Itaje kiasi na tarehe za awamu, kazi itakayofanyika, kama jina la mtoaji litatangazwa au litabaki siri, ripoti zitatolewa lini, na hasa nini kitafanyika kama kazi iliyokusudiwa haitawezekana, kwa sababu mto huweza kubadili njia na kibali cha serikali huweza kukataliwa. Pale ambapo mtoaji anataka kitu cha kudumu, mshaurini kuhusu mfuko wa kudumu, yaani fedha zinazowekezwa ili mtaji ubaki na sehemu ndogo tu itumike kila mwaka. Hesabu yake ni nyepesi kueleza: mfuko ukichotwa asilimia 4 kwa mwaka, mshahara wa mtunza lango unahitaji mtaji wa mara 25 ya mshahara huo. Nimeona watu waliokuwa wakisita kuhusu mambo makubwa wakiuelewa mshahara wa mtu mmoja mara moja.

Shukrani zifike ndani ya siku mbili, kwa simu ya mwenyekiti na barua iliyoandikwa kwa ajili ya mtu huyo peke yake. Ripoti zifuate kwa tarehe mlizoahidi, na ziwe na habari mbaya pia. Ndege wanaweza kurudi msimu wa kwanza, lakini mimea ya ardhi ya mboji huchukua miaka mingi, na ardhi hiyo ikiloweshwa upya huweza kutoa gesi ya methani, inayoongeza joto la dunia, kwa wingi zaidi kwa muda kabla faida yake kwa hali ya hewa haijaizidi hasara hiyo. Mtoaji ayasikie hayo kutoka kwenu. Mwaka wa ukame ukija, mtumieni picha ya ufa kwenye tope pamoja na maelezo ya mnachofanya.

Mama niliyemtaja hutumiwa kila mwezi ujumbe mfupi kutoka kwa mtunza lango: tarehe, kina cha maji kwenye kijiti, na idadi ya mbao zilizomo langoni. Katika mwezi wa tatu wa ukame mmoja, kina kiliposhuka chini ya alama ya mwisho, alipiga simu mwenyewe kuuliza kama tunahitaji pampu.